Moro wa Ukutani

Mtaa wa Mapangoni 9,
Colletrebbio, Roma.
Alhamisi, 12 Septemba 1968.

Mpendwa kaka Oreste,

Hujambo, kaka yangu? Wifi Amparo hajambo? Na goti lako lile la kulia, bado linatabiri mvua au limeacha uchawi? Nasikia mjukuu wako, mtoto wa Delfina, ameanza kuota meno. Mwambie ampe ganda la mkate mkavu atafune, kama mama alivyotufanyia sisi, asihangaike na madawa ya dukani. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na baridi ya huko kwenu imeanza kupungua.

Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako Settimio mgongo unamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa. Anakusalimu, na anasema ukija usimletee zawadi nyingine yoyote ila nyama, maana amesikia huko ng'ombe ni wengi kuliko watu. Shangazi Cesira ametimiza miaka tisini na mmoja mwezi uliopita. Hasikii, haoni vizuri, ila ukimpunguzia mvinyo kwenye gilasi anajua papo hapo. Zabibu mwaka huu si haba. Mvua ya mawe ilipita upande wa pili wa kilima ikatuacha salama. Tunategemea kuanza kuvuna wiki ya mwisho ya mwezi.

Barua yako ya Julai niliipata. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Unasema umeshakata tiketi ya meli, utashuka Napoli tarehe ishirini Novemba, na kwamba kwa miaka thelathini na minane hujawahi kuniomba kitu, ila sasa unaomba kimoja tu: nikushike mkono nikupeleke pangoni ukamwone Moro. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaitia kwenye droo ya vijiko, na nimekaa zaidi ya mwezi bila kukujibu. Mimi si mvivu wa kuandika, unanijua. Nilikuwa naogopa.

Leo nimepiga moyo konde. Nitakueleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikianzia mwishoni sitaweza. Tafadhali usiruke mistari.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi minane. Baba alikuwa analipanua pango letu la mvinyo apate nafasi ya mapipa mawili zaidi, mara sururu ikapenya upande wa pili na mkono wake nusura uifuate. Unakumbuka alivyofunga mshumaa kwenye ncha ya mwanzi akausukuma tunduni kupima hewa? Ukizimika, hakuna kuingia. Haukuzimika. Tukaingia sote watatu, tukakuta chumba kirefu, mabenchi ya mawe kushoto na kulia, na ukutani mwisho kabisa yule kijana mwenye kofia nyekundu amempandia fahali mweupe mgongoni, kisu kimezama shingoni. Baba alipiga magoti akafanya ishara ya msalaba. Alidhani ni kanisa la zamani na yule ni mtakatifu mchinjaji.

Wewe wala hukumtazama mtakatifu. Mbwa wetu Moro alikuwa amekufa mwezi Februari kwa teke la nyumbu, na tangu siku ile ulikuwa unakula kwa kulazimishwa. Ulikwenda moja kwa moja pale chini kwenye yule mbwa aliyechorwa, anayemrukia fahali kifuani, ukasema, "Huyu Moro." Mimi nami, mjuaji tangu utotoni, nikakukosoa: "Moro alikuwa mweusi, huyu mwekundu." Ukaniambia, "Amebadilika rangi kwa sababu amekufa, mjinga wewe." Halafu ukatoa kipande cha mkaa mfukoni, ukaandika kwenye jiwe chini ya miguu yake MORO, herufi ya mwisho kubwa kuliko zote. Baba alikuzaba kofi ambalo bado nalisikia.

Baba alituapisha juu ya mkate tusiseme kitu. Alijua sheria: kilichozikwa ardhini ni mali ya serikali, na serikali ikishaingia pangoni wewe unabaki kuuza maji. Akaliziba tundu kwa mawe, akaweka lile pipa kubwa mbele yake, na habari ikaishia hapo. Wewe ukaenda zako Argentina. Baba na mama wakafa na siri yao. Mimi nikaolewa na Settimio, nikazaa naye, nikazeeka naye, na sikumwambia.

Mwaka jana pipa kubwa lilioza. Settimio akaliondoa, akajenga tangi la saruji pembeni, na ndipo akaona ukuta nyuma umevimba. Akachukua nyundo. Nikamwambia, "Settimio, iweke chini hiyo nyundo, kaa hapa, nina neno." Nilipomaliza akanitazama. "Miaka thelathini," akasema. "Miaka thelathini nalala na wewe na ulikuwa na mwanamume mwingine pangoni." Ndivyo alivyo, hata msiba anaugeuza mzaha. Lakini ni yeye pia aliyesema tusiuzibe tena kimyakimya, kwamba enzi za baba zimepita na kitu kama hicho ni cha watu wote. Nikaona ni kweli. Nikaandika kwenye ofisi ya mambo ya kale kule Roma kwa mkono wangu mwenyewe.

Walikuja Julai. Profesa mmoja mrefu, mpole, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kumpa kiti, na mwanamke wa Treviso anaitwa Loredana, ambaye kazi yake ni kutibu michoro ya ukutani. Nasema kutibu kwa sababu ndivyo anavyofanya. Ana sindano, ana pamba, ana koti jeupe. Waliingia na taa zao. Profesa alitoa miwani akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Aliniambia yule si mtakatifu, ni mungu wa zamani aitwaye Mitra, askari wa Roma walikuwa wanamwabudu kwa siri, wakikaa kwenye yale mabenchi wakila na kunywa pamoja. Akasema rangi kama zile, nzima namna ile, angeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Akaniita mtunzaji mwema. Mimi, kaka! Nilitembea mjini wiki nzima shingo juu.

Loredana alinieleza jambo lingine, kwamba wanawake walikuwa hawaruhusiwi kutia mguu mle. Nikamwambia, "Basi ndiyo maana tangu mmefungua huyu Mitra ananiangalia vibaya." Tulicheka sana. Sasa mzaha ule sithubutu kuurudia.

Na maandishi yako! Profesa alikaa siku kumi na mbili mbele ya neno lile na daftari. Mara ni jina la askari aliyeweka nadhiri, mara ni mwanzo wa sala iliyofupishwa. Mimi naleta kahawa, naondoka, nimefumba mdomo. Siku ya kumi na mbili nikashindwa. "Profesa, samahani," nikasema, "huyo ni mbwa wetu." Settimio alicheka mpaka akalishika tangi asianguke. Profesa, maskini, alizichana kurasa tatu polepole, akamwambia Loredana, "Huo uchafu ufutwe." Loredana akajibu, "Kesho, Profesa." Amekuwa akijibu hivyohivyo mwaka mzima.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka ulikuwa kijana, labda umesahau Agosti ya huku ilivyo. Ifikapo katikati ya mwezi, nchi nzima inafunga. Daktari yuko baharini, fundi yuko baharini, padri naye kama hayuko baharini basi amelala. Profesa na Loredana nao waliondoka kwa wiki tatu. Waliweka mlango wa mbao, wakanikabidhi ufunguo, na Loredana akaniachia neno moja: niangalie ukungu. Hewa mpya imeingia, unyevu upo, ukungu ukiota ukutani nipige simu ofisini.

Siku ya nne ukaota. Madoadoa ya kijani, kwanza pembeni, kisha kwenye paja la fahali, kisha, Oreste, kwenye sikio la Moro. Nikaenda baa kupiga simu. Ikaita, ikaita. Kesho yake nikapiga asubuhi na mchana. Nikapanda basi mpaka Roma, nikakuta mlango umefungwa na mlinzi anakula tikiti maji. "Mama, rudi Septemba," akaniambia. Nikamwambia kuna mungu anaota ukungu nyumbani kwangu. Akanikatia kipande cha tikiti.

Nikarudi nyumbani. Ukungu umefika kwenye pua ya mbwa. Na mimi ni binti wa nani? Ukungu tumeujua sisi kabla ya maprofesa wote. Pipa likiota ukungu unafanyaje? Unachoma salfa. Baba alinifundisha kimo changu hakijafika hata kwenye bomba la pipa: utepe uliopakwa salfa, kiberiti, funga, acha moshi ufanye kazi, fungua siku ya tatu, pipa linanukia usafi. Nimefanya hivyo kila mwaka wa maisha yangu na mvinyo wetu haujawahi kuharibika. Basi Jumamosi mchana, mkesha wa karamu yetu ya Agosti wenzangu wote wakioka nyama, mimi nilichukua tepe sita, nikazining'iniza kwenye yale mabenchi ya askari, nikaziwasha, nikafunga mlango, nikaziba nyufa kwa matambara. Nikasali kwa Mtakatifu Rocco, kwa sababu naye ana mbwa.

Ndiyo hivyo. Nimeandika.

Nilipofungua Jumatatu ukungu wote ulikuwa umekufa. Ukuta safi, rangi zinameta. Waliporudi Septemba Loredana aliuangalia akasema ana bahati, mwezi mzima wa joto na hakuna hata doa. Nikajisikia fundi. Sikusema kitu kwa kuwa nilitaka nionekane mtu wa bahati, si mtu wa kimbelembele. Krismasi nikakuandikia kwamba Moro hajambo, anameta kama siku uliyomwona. Kwa kweli ukuta ulikuwa umeanza kufifia, kitu kama unga mweupe juu ya rangi, lakini nilidhani ni vumbi.

Haikuwa vumbi. Moshi wa salfa unaingia kwenye unyevu wa ukuta, kaka, na unyevu ule unageuka kitu kinachoila chokaa taratibu, kutoka ndani. Kwenye pipa la mbao haina neno. Kwenye lipu ya miaka elfu moja na mia nane ni sumu. Januari rangi ikaanza kuvimba kama ngozi ya mtu aliyeungua. Februari ikaanza kudondoka. Jumamosi Kuu, kengele za kanisani zikilia, uso wa Mitra ulianguka. Uso mzima. Loredana aliukuta sakafuni vipande vipande, na pale ulipokuwepo pamebaki duara jeupe.

Alituuliza wote kama kuna mtu aliyewahi kuchoma kitu mle ndani. Nilisema hapana. Nilimtazama machoni nikasema hapana, nikaenda kupika. Nilikaa na ile hapana wiki tano. Chakula hakishuki, usingizi hauji, na Settimio ananiuliza kama naumwa. Mwezi Mei nikamfuata Loredana pale kwenye ngazi za pango nikamwambia. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alikaa kwenye ngazi, akavua glavu, akaniuliza tepe ngapi. Nikasema sita. Akaniuliza siku ngapi. Nikasema mbili. Halafu akasema kwamba hata kuufungua ukuta peke yake kungeleta madhara, chumvi ingetoka tu, na hataweza kujua kamwe ni kiasi gani ni hewa na kiasi gani ni mimi. "Hatutajua, mama," akasema. Nadhani alitaka kunifariji. Lakini mimi tangu siku ile kila nikiamka nalipima lile jambo kichwani, na kila siku linatoka uzito tofauti.

Wamejaribu kila kitu. Sindano za chokaa nyuma ya rangi. Karatasi nyembamba kama utando wa yai, wanazibandika kwa brashi. Walitaka kuubandua mchoro mzima waupeleke Roma, wakagusa pembe moja, ikasagika mkononi. Mimi siruhusiwi tena kuingia ila nusu saa kwa wiki, kwa sababu hata pumzi ya mtu inadhuru. Pango la baba yangu, naingia kwa saa! Na nikiingia nafanya nini? Nasimama na mikono yangu. Mikono hii imefua, imevuna, imekamua, imezika wazee wawili, na pale haina kazi. Najizuia kupumua mpaka naona nyota.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba baba aliyeficha ndiye aliyeutunza. Mimi niliyesema ukweli ndiye niliyeuua. Jamani, mtu ajifunze nini hapo?

Sasa wamekata shauri. Jumatatu watakijaza chumba chote mchanga. Mchanga uliolowekwa kidogo, kuanzia ukutani mpaka mlangoni, kisha watajenga mawe kama alivyojenga baba. Profesa anasema ndiyo njia pekee ya kukiacha kilichobaki kibaki, mpaka waje watu wengine wenye akili kuliko sisi. Nilikwenda Roma kuwaomba wangoje Novemba. Nilimweleza karani dirishani kwamba kaka yangu anavuka bahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki, akasema, "Mama, mkisubiri Novemba, kaka yako atakuja kuangalia ukuta mtupu." Nikaomba waache hata tundu la kuchungulia. Haiwezekani, hewa itapita. Nikaomba Loredana atangulize upande wa fahali na mbwa awe wa mwisho kufunikwa. Hilo limekubaliwa.

Kwa hiyo barua hii itakapokufikia kazi itakuwa imekwisha. Nisamehe kwa kukuficha. Ila jambo moja la heri ninalo: Moro yupo. Uso wa mungu wake umekwenda, fahali hana mgongo, yule nyoka aliyechorwa chini yake sijui hata alikuwa wapi, lakini Moro yupo mzima, sikio, pua na ulimi, chini ya karatasi ya Loredana. Ijumaa iliyopita nilimwona kwa macho yangu. Angalau utajua kwamba yuko nyuma ya mchanga anakusubiri, kama alivyokuwa miaka yote ile.

Naishia hapa kwa leo, Shangazi Cesira anagonga gilasi.

Jumanne, 17 Septemba.

Kaka, niliiacha barua mezani ili nikuongezee habari za Jumatatu. Hayo niliyoandika juu kuhusu Moro sikuyafuta. Siku niliyoyaandika yalikuwa kweli, na nimechoka kufuta mambo.

Lori la mchanga lilikuja Ijumaa saa nne asubuhi. Settimio alijitia kulielekeza mwenyewe, unajua mtaa wetu ulivyo mwembamba. Nikiwa chini pangoni na Loredana, ilikuwa nusu saa yangu, namsikia huko juu: "Rudi, rudi, rudi! Kata kushoto! Kushoto kwangu, siyo kwako, baba! Rudi, usiogope, hii nyumba imeona makubwa!" Dereva akarudi, na juu kabisa ya vichwa vyetu akaumwaga mchanga wote kwa mkupuo mmoja. Ardhi ikatetemeka. Kidogo tu. Taa ikayumba kwenye waya wake.

Haikuwa hata kelele. Ilikuwa kama mtu amemwaga mchele kidogo sakafuni. Loredana aliruka akabana viganja vyote viwili ukutani, nami nikapiga magoti nikakinga aproni, lakini Moro alikuwa ameshashuka. Karatasi ilishuka naye. Kwenye aproni yangu mlikuwa na vumbi jekundu na vipande vinne, na hakuna hata kimoja ungeweza kusema hili ni sikio au huu ni mguu.

Nilimwuliza Loredana kama anaweza kuviunganisha. Alitikisa kichwa. Tulikaa kwenye benchi la askari, wanawake wawili mahali ambapo hatukutakiwa, tukalia. Settimio aliposhuka kuuliza mchanga unatosha akatuona, akaona ukuta, akaelewa. Mume wangu hakulia alipomzika mama yake. Ijumaa ile alikaa juu ya kasha la zabibu akalia kwa sauti, anarudia, "Ni mimi niliyemwambia arudi." Nikamwambia hapana, ni mimi na salfa. Loredana akasema ni yeye na karatasi, imeongeza uzito. Tulikuwa tunagombania hatia kama watoto wanaogombania sahani, na Moro hata hakuturudia.

Jana asubuhi walianza kujaza. Kwanza waliutandikia ukuta kitambaa kutoka juu, kisha mchanga kwa beleshi, tabaka kwa tabaka, upande wa fahali kwanza kama nilivyoomba, ingawa hapakuwa tena na sababu. Kabla hawajafika kwenye pembe ya mwisho Loredana aliomba dakika tano. Alikuwa na ndoo ya maji na kitambaa. Nikajua. Uchafu ufutwe, profesa aliandika hivyo kwenye orodha, na ilikuwa kazi moja tu iliyobaki haijatiwa alama.

Maana maandishi yako hayakuwa kwenye lipu, kaka. Uliyaandika kwenye jiwe tupu chini yake, na jiwe halidondoki. Salfa haikuligusa, lori halikulitikisa. Pale juu palikuwa na doa jeupe lenye umbo la kitu kinachoruka, na chini ya doa, nyeusi tii, kama umeandika asubuhi ile ile: MORO, na ile O yako kubwa.

Loredana alichuchumaa pale na kitambaa chake kinachuruzika. Mimi sina haki ya kusema neno kwenye ukuta ule. Akaniuliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kumi na mmoja. Akakikamua kitambaa, akakitundika kwenye ukingo wa ndoo, akachukua kalamu akaweka alama kwenye orodha kwamba kazi imefanyika. Kisha akawaita wenye mabeleshi.

Saa nane ukuta wa mawe ulikuwa umesimama. Settimio anataka kuweka pipa jipya mbele yake, kama lilivyokuwa la baba.

Nilitaka nikuandikie usije. Tiketi ni ghali, bahari ni mbali, na ulichokuwa unakifuata hakipo, na mwenye kukiondoa ni mimi. Settimio alinisomea begani akanipokonya kalamu. Anasema, "Mtu havuki bahari kwa mbwa wa rangi. Anasema mbwa kwa sababu anaona haya kusema dada." Sijui kama ni kweli. Wewe ndiye unayejua.

Msalimie sana wifi Amparo, Delfina na mumewe, na umbusu yule mwenye meno mapya kwenye visigino vyote viwili. Shangazi Cesira anakusalimu, anakuuliza kama umeongezeka urefu. Settimio na wanangu wote wanakusalimu. Mungu awalinde barabarani na majini, na Mtakatifu Rocco awape afya, wewe na nyumba yako yote.

Ukitaka kukasirika, kasirika, ni haki yako. Lakini usiniandikie kwamba umenisamehe, sitaki kulisoma neno hilo kwenye karatasi. Njoo unitazame usoni, halafu useme unachotaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu enzi za Moro,

Ersilia